Kabla Gari Halijaondoka

Kambove ni mji wa migodi ya shaba, kaskazini-magharibi ya Likasi, na vijana wake wengi hutamani kazi ya udereva. Lakini siku ya kujaribiwa, wengi hudhani ya kuwa mtihani huanza gari likianza kwenda. Sivyo.

Kwanza mtahiniwa alizunguke gari kwa miguu. Ayatazame magurudumu yote. Katika malori, hata yale ya ndani, maana jiwe lililokwama kati ya magurudumu mawili huukata mpira. Apanguse taa, kwa kuwa wakati wa kiangazi vumbi letu huzifunika kabisa. Mafuta na maji avitazame injini ingali baridi.

Breki twataka kuzisema zaidi. Katika motokari ndogo, injini ikiwa imezimwa, akanyage breki mara kadha mpaka iwe ngumu. Kisha aishikilie hivyo na kuwasha injini. Kikanyagio kikishuka kidogo, ni vema. Kikizidi kuzama polepole chini ya mguu, huenda maji ya breki yanavuja; kikilegea kama sifongo, huenda mna hewa ndani ya mabomba. Gari la namna hiyo lisitoke, hata kama mtahini anatazama saa yake.

Wengine hutundika medali ya Mtakatifu Kristofori mbele yao, nasi twafurahi kuiona. Ila isining'inie hata kuziba macho ya dereva! Hata yeye, kama walivyosimulia Wakristo wa kale, aliingia mtoni akishika fimbo yake.

Halafu mkanda, halafu vioo, ndipo gari liende.