Gari Jipya Likigongagonga Tusikimbilie Kubadilisha Vyuma

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii huthibitika kila mara mtu anaponunua gari jipya. Kwa wiki kadhaa atalisifu kwa rangi yake, kwa viti vyake na kwa utulivu wa injini yake. Kisha siku moja, akipita polepole kwenye barabara yenye vishimo, atasikia upande wa mbele mlio mfano wa kokoto zinazotikiswa ndani ya mkebe. Hapo nyemi hukoma na kidonda kikaanza kuuma.

Jambo ninalonuia kulijadili leo si mlio huo peke yake, bali namna tunavyoushughulikia. Mara nyingi hutokea mojawapo ya mambo mawili. Muuzaji humwambia mnunuzi kwamba hiyo ni hali ya kawaida na kwamba vyuma vitazoeana. Au mnunuzi humwendea fundi wa mtaani, naye, hata kabla ya kulala chini ya gari, humpa orodha ya vifaa vya kununua. Leo hubadilishwa shokomzoba, kesho bushi, keshokutwa boljointi, na mlio ungali pale pale. Tabia hizi mbili ni ndugu wa toka nitoke. Muuzaji hataki swali liulizwe, na fundi hutoa jibu kabla ya swali kueleweka.

Hasara yake si ndogo. Mwalimu aliyechukua mkopo wa sacco ili apate gari hawezi kumudu vyuma vinavyonunuliwa kwa kubahatisha. Aidha, si kila mlio ni wa kuudhi tu. Boljointi iliyolegea ikichomoka, gurudumu hupinda na usukani ukakosa kazi. Asemaye "ni kawaida" pasi na kuchunguza anacheza na roho za watu.

Ili tuelewe pa kuanzia, yafaa tujue kilichoko huko mbele. Magari mengi madogo ya siku hizi hutumia muundo uliobuniwa na mhandisi Mmarekani, Earle MacPherson, katika miaka ya 1940, na ambao ulienea baada ya kampuni ya Ford kuutumia nchini Uingereza katika magari ya Consul na Zephyr kuanzia mwaka 1950. Katika muundo huu springi na shokomzoba huwa kitu kimoja, kilichosimama wima na kushikwa juu na kikalio chenye mpira na beringi. Chini kuna mkono wa chuma uliofungwa kwa bushi za mpira kwenye fremu, na kwa boljointi kwenye gurudumu. Kati ya upande wa kulia na wa kushoto hupita upau wa kusawazisha, ambao mafundi huuita stebilaiza, ulioungwa kila upande kwa linki fupi yenye viungo vidogo. Kila kiungo kati ya hivi, kikilegea hata kidogo, kinaweza kugonga.

Ugumu ni kwamba sikio la dereva hudanganyika. Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takriban mita 340 kwa sekunde, lakini katika chuma cha pua kasi hiyo hupita mita 5,000. Mgongano uliotokea kwenye gurudumu la kushoto hufika mara moja kwenye bodi zima, na dereva akaapa kwamba umetoka kulia au chini ya dashibodi. Ndiyo maana fundi hodari huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma na mpini wake sikioni. Mantiki yake haiko mbali na ile ya daktari Mfaransa René Laennec, aliyebuni chombo cha kusikilizia kifua cha mgonjwa mwaka 1816.

Uchunguzi wa busara huanza na yasiyogharimu kitu. Je, kuna spana, jeki au chupa inayocheza ndani ya gari? Je, betri imefungwa sawasawa? Je, bati la kukinga joto la ekzosi, kinga ya chini ya injini, ndoana ya boneti au kibao cha nambari vimekaza? Isitoshe, gari jipya lina maswali yake. Baadhi ya watengenezaji huweka vizuizi kwenye springi ili gari lisitikisike likiwa safarini melini, navyo hupaswa kuondolewa kabla ya mnunuzi kukabidhiwa funguo. Vikisahaulika, gari huwa gumu na hurukaruka. Kadhalika, bolti moja ambayo haikukazwa kwa kipimo chake inaweza kuleta kelele inayodhaniwa kuwa ya kifaa kibovu.

Yote hayo yakiwa salama, kifuate kipimo cha barabarani. Dereva na apite juu ya tuta dogo polepole, magurudumu yote mawili ya mbele yakipanda kwa pamoja. Kisha apite mahali ambapo gurudumu moja tu hupanda. Magurudumu yakipanda pamoja, upau wa kusawazisha huzunguka tu katika bushi zake bila kujipinda, na linki zake hazibebi mzigo mkubwa. Likipanda moja, upau hujipinda na linki zikavutwa kwa nguvu. Basi mlio ukisikika katika hali ya pili na kukosekana katika ile ya kwanza, mshukiwa mkuu ni linki au bushi za upau huo. Ukisikika katika zote mbili, tutazame shokomzoba, kikalio chake cha juu na bushi za mkono wa chini.

Wanafunzi wa mantiki watautambua mtindo huu. Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, alieleza kwamba tukipata hali mbili zinazofanana kwa kila jambo isipokuwa moja, na tokeo likawa katika hali moja tu, basi jambo hilo moja ndilo chanzo au sehemu ya chanzo. Tuta moja barabarani ni maabara tosha ya kuitumia kanuni hiyo.

Kipimo cha tatu ni breki. Gari likiwa linatoa mlio, dereva na aguse breki kwa wepesi. Mlio ukikoma papo hapo, huenda ni pedi zinazocheza katika makao yake. Cha nne ni usukani. Gari likiwa limesimama, mtu mmoja auzungushe kutoka upande hadi upande huku mwingine ameweka kiganja juu ya springi, vidole vikiwa mbali na nafasi zake. Springi ikikwama kisha ikaruka kwa kishindo, beringi ya juu au kikalio chake kina kasoro.

Baada ya hayo ndipo gari liinuliwe, nalo likae juu ya stendi za chuma, kamwe si juu ya jeki pekee. Gurudumu likishikwa juu na chini likatikisika, kuna shaka kuhusu beringi yake au boljointi. Likitikisika likishikwa kulia na kushoto, tazama viungo vya usukani. Mtaimbo mfupi ukiingizwa chini ya mkono wa chuma utafichua boljointi iliyolegea ambayo macho hayakuiona. Fundi na akumbuke pia kwamba bolti za bushi za mpira hukazwa kabisa wakati uzito wa gari uko juu ya magurudumu yake. Zikikazwa gari likiwa limening'inia, mpira hukaa umejipinda daima na kuchanika mapema, na mlio uliotibiwa leo hurudi baada ya miezi michache.

Katika hatua zote hizi kuna sheria moja isiyovunjwa: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, kisha jaribu tena. Anayebadilisha vitatu kwa mpigo, hata mlio ukiisha, hatajua ni kipi kilichouponya. Amelipia vitatu na hakujifunza hata kimoja.

Mnunuzi naye ana wajibu. Na aandike mlio husikika kwa kasi gani, katika barabara ya namna gani, gari likiwa baridi au moto. Asifungue nati mwenyewe gari likiwa bado chini ya dhamana, bali amtake fundi wa kampuni aketi kando yake wapite pamoja kwenye barabara yenye mlio huo. Akiambiwa "ni kawaida", aombe kauli hiyo kwa maandishi. Hiyo si jeuri. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike nazo kikamilifu. Ikaja pia sheria ya kuwalinda watumiaji bidhaa ya mwaka 2012. Haki isiyodaiwa ni kama akiba ya pesa asiyoijua mwenyewe.

Nawageukia walimu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, ulikusudiwa kumpa mwanafunzi stadi za mikono. Lakini mkono usioongozwa na fikra huzaa fundi wa kubahatisha, na fikra isiyogusa chuma huzaa mhitimu anayejua fomula za mtetemo ilhali hawezi kueleza kwa nini gari la mamake linagonga. Mwalimu wa fizikia aweza kulitumia gari moja lililoegeshwa uwanjani kufundisha springi, msuguano, kasi ya sauti na, zaidi ya yote, subira ya kuuliza swali moja baada ya jingine. Wanafunzi na waandike dhana zao kwanza, wazipime, wazifute zile zisizosimama. Atakayezoea kufanya hivyo kwa gari hatakubali kwa urahisi kuambiwa "ni kawaida" na daktari, na karani, wala na kiongozi.