Sultani Aliyeitwa Mgeni

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hata hivyo, sisi wa Molo twajua kwamba neno hilo "mgeni" laweza pia kugeuzwa panga. Mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu waliozaliwa papa hapa waliambiwa kuwa ni wageni, na nyumba zao zikateketezwa. Kwa hiyo mwalimu wetu anapofundisha habari za Jamshid bin Abdullah, sultani wa mwisho wa Zanzibar, hafundishi mambo ya mbali.

Jamshid alizaliwa Zanzibar mwaka 1929. Alirithi kiti cha baba yake tarehe 1 Julai 1963, Mwingereza aliyeihodhi nchi hiyo tangu 1890 akiwa anafunga virago. Katika uchaguzi wa mwezi huo huo, chama cha Afro-Shirazi kilipata asilimia 54 ya kura, lakini viti 13 tu kati ya 31. Wapinzani wake, ZNP na ZPPP, wakaunda serikali. Uhuru ulipotolewa tarehe 10 Desemba, Sultani akawa mkuu wa dola. Tarehe 12 Januari 1964 dola hiyo ikapinduliwa. Ilikuwa imedumu siku 33.

Sultani alikimbilia Mombasa kwa meli. Hadi mwaka uliotangulia, bendera yake nyekundu ilikuwa ikipepea juu ya Fort Jesus, kwani ukanda wa pwani wa maili 10 ulihesabiwa kuwa milki yake mpaka alipouachilia kwa mapatano ya Oktoba 1963. Miezi mitatu baadaye Kenya ilimkatalia kuteremka. Akapitia Dar es Salaam, akaishia Portsmouth, Uingereza. Hata Oman, iliyodaiwa kuwa ndiko kwao, haikumruhusu kuhamia huko hadi mwaka 2020. Alifariki tarehe 30 Desemba 2024.

Je, alionewa? Usultani ule ulitajirika kwa jasho la watumwa katika mashamba ya karafuu, kisha ukalindwa na mikataba ya Mwingereza. Kiti kinachoegemezwa kwa mkoloni hakikawii kuanguka. Bao Dai wa Vietnam, aliyejiuzulu mwaka 1945 na kurejeshwa na Wafaransa mwaka 1949, aliondolewa mwaka 1955. Kung'oa kiti cha namna hiyo ni jambo la siasa, nasi twaweza kulitetea.

Lakini mwenye duka dogo na mkulima wa kawaida waliouawa mwaka 1964 kwa kuwa tu waliitwa Waarabu hawakuwa na kiti chochote. Kosa lao lilikuwa jina walilopewa. Hapo ndipo mapinduzi yalipoacha kuhukumu utawala, yakahukumu asili ya mtu.

Walimu wenzangu, tusiwafundishe vijana kumlilia Sultani, wala kumcheka. Tuwaulize: mtu akizaliwa mahali, akalima hapo na kuwazika wazazi wake hapo, ni nani mwenye haki ya kumwita mgeni? Kijana wa Molo asiyelijibu swali hilo darasani huenda akalazimika kulijibu barabarani.