Tuwaache Watoto Waguse na Kuuliza

Katika makumbusho mengi mtoto huambiwa, "Usiguse!" Mwaka 1969 mwanafizikia Frank Oppenheimer alianzisha Exploratorium, makumbusho ya sayansi huko San Francisco, Marekani, ambako familia huenda pamoja na watoto hugusa, huzungusha na kujaribu wenyewe.

Sisi tunaweza kuanzia nyumbani, Jumapili alasiri baada ya ibada. Jaza glasi maji hadi ukingoni, funika kwa karatasi ngumu, shikilia kwa kiganja, pindua, kisha ondoa kiganja polepole. Maji hayamwagiki, kwani hewa huisukuma karatasi kutoka chini.

Wazazi, tusiharakishe kutoa jibu. Tukimkemea mtoto kila aulizapo, hata darasani atanyamaza, nasi ndio tutakaokuwa tumemnyamazisha.