Vijana Wanaokwenda Kusaidia Ugenini

Leo nataka tuzungumze juu ya vijana wanaoacha nyumba zao na kwenda nchi ya mbali kufanya kazi bila mshahara. Kwetu Tetu si jambo geni. Agosti moja tulipokea vijana wa Uingereza, wenye miaka 17 na 18, waliokuja kupaka rangi darasa la shule ya Jumapili. Mimi, kwa kutaka wageni wafurahi, niliwaagiza vijana wetu wakae kando wasiwasumbue. Wakaketi ukutani wakitazama. Ndipo mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama aliponijia, akasema kwa upole, "Mchungaji, kwani watoto wetu hawana mikono?" Sikuwa na jibu.

Desturi hii ina historia, na kanisa letu la Kianglikana limo ndani yake. Mwaka wa 1958 Askofu Launcelot Fleming wa Portsmouth aliandika barua katika gazeti la Sunday Times, akiomba vijana waliomaliza shule watoe mwaka mmoja kusaidia nchi nyingine kabla ya kuingia chuo kikuu. Waliobuni mpango huo ni Alec Dickson na mkewe Mora, na ndivyo kilivyoanza chama cha VSO. Wa kwanza hawakufika ishirini. Walipewa chakula, malazi na fedha kidogo za mfukoni. Baadaye nchi zilizowapokea ziliomba watu wenye ujuzi, yaani walimu, wauguzi na mafundi, maana nia njema peke yake haijengi daraja. Na mwanzoni mwa karne hii chama hicho hicho kikawa kinawatuma Wakenya nao ng'ambo.

Mnamkumbuka yule kijakazi nyumbani mwa Naamani. Yeye hakujitolea, alitekwa. Hata hivyo alichomsaidia nacho bwana wake ni jambo alilolijua kutoka kwao.

Basi siku ya pili niliwachanganya vijana wote, na alfajiri wageni wakaenda na wenyeji wao kuchuma chai. Kijana mmoja Mwingereza, aliyekunywa chai tangu utoto, hakuwa amewahi kuuona mmea wenyewe. Kwenye kituo cha kununulia majani kikapu chake hakikufika nusu ya kile cha binti wa miaka 16 aliyemfundisha. Naye binti akauliza majani yale huenda wapi. Nikawaeleza: kiwandani, kisha mnadani Mombasa, kisha Pakistan, Misri, Uingereza. Binti akakitazama kikapu chake upya. Kijana akauliza bei ya kilo moja, akaambiwa, akanyamaza muda mrefu.

Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe hapa Tetu, aliondoka mwaka wa 1960 akiwa na miaka 20 kwenda Kansas, Marekani. Alikwenda kusoma, si kujitolea. Lakini aliporudi aliona mito na misitu jinsi ilivyobadilika, na mwaka wa 1977 akaanza kupanda miti pamoja na akina mama. Mwaka wa 2004 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Sidhani macho yale aliyapata Kansas. Alitoka nayo Ihithe. Ugenini alijifunza kulinganisha.

Sasa wenzetu wa Uingereza wametuandikia, wanaomba tuwapelekee wawili wetu. Mzee mmoja wa kanisa amepinga, akisema nauli hiyo ingetujengea tangi la maji, na hasemi uongo. Bado tunajadiliana. Mimi naegemea upande wa kuwatuma, kwa sababu ya yule binti wa chai. Alipoambiwa kwamba kazi yake huko itakuwa kukaa na wakongwe katika nyumba ya kutunzia wazee, alistaajabu. "Kwani hawana wajukuu?" Nikamweleza maisha ya kule yalivyo. Akafikiri kidogo, akasema atakwenda, ila kwanza niwaulize kama wazee wale hunywa chai ya maziwa au ya rangi.