Jengo Baya ni Lipi?

Tunawaletea wasomaji wetu, na hasa mama na dada zetu, maneno machache juu ya majengo tuliyoyaona tulipozuru Kakamega pamoja na ahali zetu.

Sisi watu wa pwani tuna ada ya kuyacheka majengo ya bara. Tumelelewa baina ya kuta nene za matumbawe, baraza za kupungia upepo na milango ya nakshi. Basi tukiona duka la ghorofa lililopakwa kijani kutoka msingi hadi paa ili kutangaza kampuni ya simu, au nyumba iliyohamiwa kabla ya kwisha, nondo zimechomoza juu yake kama miiba ya nungu, hutamka mara moja kwamba hili ni jengo baya. Hukumu hiyo ni ya haraka mno, kwa kuwa macho huishia ukutani.

Macho yenyewe hughurika. Huko Ilesi, kando ya barabara iendayo Kisumu, lasimama jabali lenye urefu wa takriban mita 40, na jiwe jingine limekaa juu yake mfano wa kichwa juu ya kiwiliwili. Wenyeji huliita Ikhongo Murwi, na wageni hulijua kwa jina la Jiwe Linalolia, kwa sababu ya maji yanayotiririka ubavuni mwake. Watoto wetu walipoliona kwa mbali walidhani ni mnara uliojengwa na watu, wakauliza fundi wake ni nani. Tukawajibu kwamba Fundi wake ndiye aliyewaumba wao.

Tulipofika Mumias tulikiona kiwanda cha sukari. Asiyekijua ataona mabomba, mabati na madohani, wala hatapata mahali pazuri pa kutuliza jicho. Lakini kampuni ile iliundwa mwaka 1971, na kiwanda kikaanza kazi mwaka 1973, na kwa miaka mingi moshi wa dohani zile ulikuwa ni karo ya shule, ni posa ya kijana, ni bati la nyumba ya mjane. Kampuni ilipolemewa na madeni hata ikawekwa chini ya meneja mrasimu mwaka 2019, walioumia ni wakulima waliokuwa na miwa shambani. Hakuna aliyelia kwa sababu ya sura ya kiwanda. Walililia riziki iliyokuwa ikitoka humo.

Mumias ina deni jingine kwetu. Kabla ya reli, misafara ya Waswahili kutoka pwani ikielekea Uganda ilikuwa ikituama hapo, katika himaya ya Wanga, kwa Nabongo Mumia aliyefariki mwaka 1949. Miji ya sehemu zile siku hizo ilizungushiwa kuta za udongo na mahandaki. Mzee wetu aliyetoka Mombasa au Pangani, aliyezoea nyumba za chokaa, huenda naye alizitazama kuta zile kwa dharau. Lakini usiku alilala ndani yake kwa amani, mzigo wake ukiwa salama, na asubuhi akaadhini. Katika ugeni huo Uislamu ulipata makao, na hata leo Mumias ina jamaa kubwa ya Waislamu. Kuta za udongo zilitimiza haki ya mgeni.

Basi jengo baya ni lipi? Tuliona mfano wake mjini Kakamega, katika hospitali kuu mpya iliyoanzishwa zama za gavana wa kwanza, Wycliffe Oparanya. Ilikusudiwa iwe na vitanda 750, kisha ujenzi wake ukakwama kwa miaka. Kiwiliwili chake ni kikubwa na cha fahari, na huenda msafiri akakisifu. Lakini mama mwenye uchungu wa kuzaa hakilalii kiwiliwili. Ubaya wa jengo hauko katika rangi wala katika umbo. Uko pale lilipowakosea wale waliojengewa.

Kipimo hicho tusikitumie kwa wenzetu peke yao. Safarini tulisimama kuswali Adhuhuri penye msikiti mzuri, ambao hatutautaja jina: minara miwili, marumaru, vioo vya rangi. Wanaume tuliingia. Wake zetu na binti zetu waliambiwa sehemu ya wanawake imefungwa na mwenye ufunguo hayupo. Waliswali nje, nyuma ya gari, kwa maji ya chupa, na watu wakipita. Mbele kidogo, kwa Alasiri, tulipata msikiti wa mabati, umeinamia upande kama mzee mwenye mkongojo, na rangi yake imebabuka. Ndani palikuwa na pazia safi, mikeka, ndoo ya maji yenye kata, na choo cha wanawake chenye komeo la ndani. Mtoto akabadilishwa nguo, akanyonya, akalala. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Siku hiyo tulimwona mkakasi na tukauona mti.

Tukumbuke Msikiti wa Mtume mjini Madina ulivyokuwa mwanzo wake. Nguzo zake zilikuwa magogo ya mitende, paa lake makuti, na mvua iliponyesha maji yalipenya hata watu wakasujudu juu ya tope. Lau msafiri mwenye kiburi angepita, angesema ni kibanda. Lakini wanawake waliswali humo, na vilio vya watoto vilisikika, na Mtume alifupisha swala kwa kumhurumia mama. Na hata leo katika msikiti huo upo mlango uitwao Babu Nnisaa, yaani mlango wa wanawake.

Kwa hiyo, enyi mnaosimamia ujenzi wa misikiti, kabla ya kuchangisha fedha za mnara wa pili, waulizeni mama zenu: maji yatakuwa wapi? Mlango wenu utafunguliwa na nani wakati wa Adhuhuri? Na enyi vijana mlio Ughaibuni mnaotuma fedha za kujenga nyumbani, kabla ya kuagiza nguzo za mbele, ingieni jikoni kwa mawazo, mkasimame pale mama asimamapo, mwone kama moshi una pa kutokea. Na nyinyi mama zetu, mkiulizwa msinyamaze kwa haya, na msipoulizwa semeni, kwani nyinyi ndio mtakaokaa humo mchana kutwa.

Nyumba na misikiti yetu itasifiwa na wapita njia au haitasifiwa, na hilo si neno kubwa. Neno kubwa ni kwamba kila aliyejengewa apate haki yake ndani yake.