Usukani Unaporithiwa Nyumbani

Mwezi Desemba 2024, Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, lilifanya mkutano wake mkuu mjini Kigali, na Rwanda ikatangaza nia ya kuandaa mbio za Formula One. Hata hivyo, katika nchi hiyo ya milima elfu, mbio zilizozoeleka ni zile za barabara za vumbi, zikiwemo Mountain Gorilla Rally.

Mchezo huu aghalabu hurithiwa nyumbani. Nchini Kenya, Vic Preston alishinda Safari Rally mwaka 1954 na 1955. Mwaka 1978 mwanawe, aitwaye pia Vic, akashika nafasi ya pili. Joginder Singh, fundi wa magari, alishinda mwaka 1965 akiwa na nduguye Jaswant katika gari aina ya Volvo. Carl Tundo, mshindi mara tano, ni mwana wa dereva Frank Tundo.

Warithio si gari pekee. Mtoto huanza kwa kushika spana, kisha hujifunza kusoma ramani, na mwisho hukabidhiwa usukani. Mama naye hupima: fedha ya matairi isile karo ya shule.

Urithi mkubwa kuliko yote ni nidhamu. Mkanda hufungwa, kofia ngumu huvaliwa, na mwendo wa mashindano huachwa huko huko kwenye mashindano. Barabara ya kila siku ni ya watoto waendao shule, na mzazi asiyeiheshimu humrithisha mwanawe msiba.