Tusiwe wanunuzi wa simu tu, tuwe na mafundi wake

Simu ya mkononi imekwisha kuingia katika kila pembe ya mkoa wetu wa Mara. Mchungaji anayeswaga ng'ombe huko Tarime anayo. Mama anayeuza dagaa sokoni Mugumu anayo. Kijana aliyemaliza kidato cha nne hapa Morotonga anayo, na mara nyingi yake ndiyo iliyo janja kuliko zote. Lakini tukiuliza ni wangapi miongoni mwa vijana hao waliowahi kuitungia simu hiyo programu moja, hata ndogo, ya kutatua shida ya kijiji chao, jibu litatufanya tuinamishe vichwa. Tumekuwa hodari wa kununua, kubonyeza na kutazama. Anayetunga programu yuko mbali; hajui jina la kitongoji chetu wala njaa yetu, naye ndiye anayeamua simu zetu zitufanyie kazi gani.

Wapo wanaodai kwamba ufundi huu ni wa watu wa miji mikubwa, wenye vyuo, umeme usiokatika na fedha nyingi. Madai hayo hayana budi kupingwa, kwa sababu yanamfanya kijana akate tamaa kabla hajaanza. Na ushahidi wa kuyapinga hauko ng'ambo. Uko hapa hapa wilayani Serengeti.

Miezi ya mwisho wa mwaka, shule zinapofungwa, ndiyo majira ya hatari kwa wasichana wengi wa Tarime na Serengeti. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya umri wa miaka 18. Hata hivyo, uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Mara wanawake 32 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, hali wastani wa nchi nzima ulikuwa 10 katika kila 100. Wasichana wanaokimbia kisu hupokewa katika nyumba salama. Ndugu Rhobi Samwelly alianzisha mwaka 2017 shirika la Hope for Girls and Women, lenye nyumba za namna hiyo Mugumu na wilayani Butiama.

Katika kazi hiyo palikuwa na kikwazo ambacho mtu wa mjini asingekifikiria, nacho ni ramani. Habari inapofika usiku kwamba binti wa kitongoji fulani atakatwa alfajiri, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto na watu wa nyumba salama lazima wajue ni njia ipi iendayo huko, mto unavukwa wapi, na gari litaishia wapi. Katika ramani zilizokuwapo, sehemu kubwa ya vijiji vyetu ilikuwa karatasi tupu. Saa moja ya kupotea njia ingeweza kuwa ndiyo saa ya kumkosa mtoto.

Mwaka 2015 ulianza mradi wa Crowd2Map, kwa jitihada za Janet Chapman wa shirika la Tanzania Development Trust la Uingereza. Maelfu ya watu wa kujitolea katika nchi mbalimbali walitazama picha zilizopigwa na setilaiti, wakachora barabara, mito na nyumba katika OpenStreetMap, ramani ya wazi iliyoanzishwa mwaka 2004, ambayo kila mtu anaruhusiwa kuitumia na kuisahihisha. Lakini picha ya setilaiti haisemi jina la kijiji, wala haijui kama jengo refu ni shule au ghala. Hapo ndipo ilipohitajika elimu ya mwenyeji. Wananchi wakashika simu zenye programu ya Maps.me, ambayo husoma ramani hata pasipo mtandao, wakaandika majina ya vijiji, zahanati, shule na maduka. Ng'ambo ilileta mistari; majina yalitoka kwetu. Na ramani isiyo na majina haimpeleki askari popote.

Baada ya ramani zikaja taarifa. Katika vijiji vya Serengeti walichaguliwa watu wa kutoa habari za ukatili kwa simu, wakafundishwa kutumia programu iitwayo ODK, iliyoanzia katika Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani mwaka 2008. Ufundi wake ni mwepisi kuueleza. Fomu ya maswali huwekwa ndani ya simu. Mwenye simu hujibu akiwa porini pasipo mnara wowote, na majibu hutunzwa humo humo. Akifika penye mtandao, simu huyatuma yenyewe makao makuu, pamoja na mahali na saa yalipoandikwa. Karatasi iliyokuwa ikilowa mvua na kusafiri wiki nzima, sasa hufika siku hiyo hiyo.

Tumeieleza habari hii kwa urefu kwa sababu ndani yake mna somo zima la mwanzo kwa kijana anayetaka kuwa fundi wa programu za simu. Kazi haikuanza na mapenzi ya mashine. Ilianza na swali: tutamfikiaje binti huyu kabla ya alfajiri? Mashine ilitafutwa baadaye. Wengi wanaoshindwa hufanya kinyume. Hununua kompyuta kwanza, hujifunza jambo hili leo na lile kesho, kisha hutafuta shida ya kuitumilia. Mkoa wetu ulikwisha kulijua jambo hili zamani. Mwaka 1968 ulipoanza mradi wa UNESCO wa elimu ya watu wazima katika mikoa ya Ziwa, Mara ikiwamo, wakulima hawakufundishwa kusoma kwa hadithi za nchi za mbali. Walisoma kwa vitabu vya pamba, vya ng'ombe na vya uvuvi. Herufi zilifuata kazi, na kwa hiyo zilikaa.

Basi kijana na aanzie wapi? Aanze na fomu. Fomu ya ODK huandikwa katika jedwali la kawaida la kompyuta, swali moja katika kila mstari. Hakuna haja ya kujua lugha yoyote ya kompyuta. Kijana anayeweza kupanga orodha ya visima vya kata yake, kipi kinatoa maji na kipi kimeharibika pampu, anaweza kuitunga katika siku chache na kuigawa kwa wenzake. Katika kazi hiyo ndogo atajifunza mambo makubwa ya ufundi huu: kuuliza swali lisilo na utata, kumzuia mtumiaji asijaze upuuzi, na kupanga majibu yapate kuhesabika.

Hatua ya pili ni App Inventor, iliyoanzishwa na kampuni ya Google mwaka 2010 na ambayo sasa inatunzwa na chuo cha MIT cha Marekani. Humo maagizo hupangwa kwa vipande vya rangi vinavyoshikana kama matofali, na matokeo huonekana papo hapo katika simu. Mtoto wa shule ya sekondari anaiweza, na haina malipo. Hatua ya tatu ni kuandika kwa lugha kamili. Simu nyingi za watu wetu zinatumia mfumo wa Android, na lugha inayopewa nafasi ya kwanza kwa mfumo huo ni Kotlin, iliyokubaliwa rasmi mwaka 2017. Flutter, iliyokamilika mwaka 2018, humwezesha fundi kuandika programu mara moja ikatumika katika Android na katika iPhone pia. Mwenye kutaka kuiweka programu yake katika duka la Google hulipa ada ya dola 25 za Marekani mara moja tu. Kwa kijana mmoja fedha hizo ni nzito. Kwa kikundi cha vijana kumi haziwezi kuwa kisingizio.

Sasa tuingie katika suala la kufuata mambo mapya, ambalo huwayumbisha wengi. Kila mwaka hutoka simu mpya na jina jipya la ufundi, na vijana hukimbilia hapo kama kumbikumbi kwenye taa. Kufuata habari za ufundi ni wajibu. Kuzifuata bila kipimo ni utumwa. Kipimo tunachokipendekeza kina maswali matatu. Je, kitu hiki kitafanya kazi katika simu aliyo nayo mama wa kijijini leo? Je, kitafanya kazi mtandao ukikatika? Je, kinasema Kiswahili?

Tukitumia kipimo hicho tutaona mambo kwa macho mengine. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, wakati simu janja zilikuwa hazijulikani kwetu. Haikungoja simu ya kifahari. Ilipita katika kitochi, kwa kubonyeza nyota, tarakimu na reli, na ikabadili biashara ya Afrika Mashariki yote. Vilevile, baada ya ghasia za uchaguzi, mwanzoni mwa mwaka 2008 mafundi wa Kenya walitunga Ushahidi, programu ya kukusanya habari za wananchi, zikiwamo zilizotumwa kwa ujumbe mfupi wa simu, na kuzionyesha katika ramani. Miaka miwili baadaye programu hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Kilichotungwa kwa shida ya jirani zetu wa ng'ambo ya Sirari kikawafaa watu wa bahari nyingine.

Hata akili mnemba, ambayo sasa iko katika kila kinywa, ipimwe hivyo hivyo. Iko programu iitwayo Nuru, iliyotungwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania kwa kushirikiana na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA. Mkulima huelekeza simu kwenye jani la muhogo, nayo humwambia kama ni batobato au michirizi ya kahawia. Hufanya hivyo shambani pasipo mtandao, na huzungumza Kiswahili. Ilifundishwa kwa picha za mihogo zilizopigwa mashambani, zikiwamo za pwani ya Tanzania. Hapa maswali yote matatu yamejibiwa. Mambo mapya ya namna hii ndiyo ya kufuatwa.

Kuhusu lugha, kusiwe na kasumba kwamba kompyuta haielewi Kiswahili. Tangu mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwisha kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kijana atajifunza Kiingereza cha vitabu vya ufundi, kwa kuwa hana njia nyingine kwa sasa. Lakini anachomwandikia bibi yake kiwe katika lugha ya bibi yake.

Liko jambo moja zito ambalo hatuwezi kulipita. Fundi wa programu hushika siri za watu. Fomu yenye jina la msichana aliyekimbia na mahali alipojificha ni ulinzi ikiwa mikononi mwa mlinzi. Simu hiyo ikiokotwa na anayemtafuta, imekuwa ramani ya kumrudisha kwenye kisu. Kwa hiyo fundi ajifunze kufunga milango kabla ya kupamba ukuta. Asiulize asichokihitaji, afunge simu kwa namba ya siri, asiruhusu kila mtu kuona kila kitu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka kufanya hivyo. Lakini hata isingekuwapo sheria, amana ni amana.

Mwisho tunawageukia wenye dhamana. Halmashauri zetu zina shule zenye kompyuta ambazo hufungiwa wakati wa likizo. Zifunguliwe. Mwalimu mmoja, vijana ishirini na shida moja ya kata vinatosha kuanzisha darasa. Maofisa kilimo, wauguzi na watendaji wa vijiji waitwe wawaeleze vijana ni taarifa gani zinazowakwamisha. Vijana nao waache kungoja mfadhili. Ramani ya Serengeti ilipata majina kwa sababu wenyeji walitembea kwa miguu wakayaandika.

Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka elimu imfae mwanafunzi katika kijiji chake. Leo chombo cha elimu hiyo kimo mifukoni mwetu. Majira ya likizo ya mwisho wa mwaka yanarudi tena, na katika vitongoji vyetu wamo mabinti ambao usalama wao unategemea habari kufika mapema. Vijana wa Mara wajifunze kuifikisha kwa mikono yao wenyewe.